Mjadala: Mrengo wa kushoto Uingereza uliangushwa na wanamageuzi au na wanamapinduzi?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila tukigusa ujamaa lazima mtu alete mfano wa Uingereza, na hoja huwa mbili tu. Mmoja atasema Waingereza hawakumwaga damu: walikipigia kura chama cha Labour mwaka 1945, na Julai 1948 wakaanza kutibiwa bure. Mwingine atajibu kwamba Labour siku zote imekuwa chama cha kuwatuliza wafanyakazi, ndiyo maana sehemu kubwa ya vilivyotaifishwa vilikuja kuuzwa. Naona wote wawili wanaruka jambo zito zaidi. Nalileta hapa, mnipinge.

Ugomvi wenyewe ni mkongwe kuliko Labour. Mwaka 1884 ilianzishwa London jumuiya ya Fabian, iliyojiita kwa jina la Fabius, jemadari wa Kirumi aliyemchosha adui kwa kungoja. Sidney Webb, mkewe Beatrice na Bernard Shaw waliamini ujamaa utaingia serikalini kidogo kidogo, kwa takwimu, kamati na halmashauri. Wakati huohuo Hyndman alikuwa na Social Democratic Federation, iliyohubiri Marx, na kabla mwaka haujaisha ikapasuka: William Morris na wenzake wakatoka kwa kuuchoka ubabe wa Hyndman na tamaa yake ya viti vya Bunge. Labour ilipozaliwa mwaka 1900, ikibebwa na vyama vya wafanyakazi, Federation ilikuwemo ndani. Mwaka uliofuata ikaondoka.

Watu husimulia historia hii kana kwamba swali lilikuwa kura au bunduki. Bunduki Uingereza haikuwahi kuwa swali. Swali lililowagawa kweli ni hili: siku sheria ikisimama upande mmoja na watu wenye njaa upande wa pili, wewe uliyechaguliwa unasimama wapi?

Nichukue Poplar, mashariki ya London, mtaa wa makuli wa bandarini. Mwaka 1921 ajira zilikuwa zimekauka, na kila halmashauri ililazimika kuwalisha maskini wake yenyewe. Mitaa ya matajiri ilikuwa na maskini wachache na majengo ya thamani ya kutoza kodi. Poplar ilikuwa na maskini tele na nyumba duni. Juu ya hapo ilidaiwa michango ya baraza kuu la London, ya polisi na ya maji. Madiwani wa Labour, wakiongozwa na George Lansbury, wakasema pesa hiyo hatukusanyi, tunalisha watu. Mahakama ikawaamuru, wakakataa. Septemba madiwani 30 wakafungwa: wanaume Brixton, wanawake Holloway. Wakaendelea na vikao vya baraza humohumo gerezani Brixton, wanawake wakiletwa kwa gari kutoka Holloway. Mabaraza ya Stepney na Bethnal Green yakapiga kura kufuata nyayo zao. Baada ya wiki kama sita wakaachiwa, na Bunge likapitisha sheria ya kugawana mzigo wa maskini katika London nzima.

Sasa niambieni, hao walikuwa nani? Lansbury alikuwa Mkristo mpenda amani, na baadaye akawa kiongozi wa Labour, 1932 hadi 1935. Mwanawe Edgar na mkwewe Minnie walikuwa Wakomunisti. Wote walifungwa kwa kosa moja. Aliyewapinga vikali ni Herbert Morrison, meya wa Labour wa Hackney, mtaa wa jirani, aliyeona wanakiharibia chama jina. Minnie alifariki Januari 1922 akiwa na miaka 32, chini ya miezi mitatu baada ya kutoka. Mpaka uliowatenga wanamageuzi na wanamapinduzi haukupita kati ya Lansbury na Minnie. Ulipita kati ya Lansbury na Morrison, ndani ya chama kimoja.

Miaka kumi baadaye yakaja yaleyale kwa ukubwa wa nchi. Mwaka 1931 mabenki yalitaka posho ya wasio na ajira ipunguzwe kwa asilimia 10. Baraza la mawaziri likagawanyika karibu nusu kwa nusu, na MacDonald, waziri mkuu wa kwanza wa Labour, akaunda serikali pamoja na Conservative na Waliberali. Kwenye uchaguzi Labour ikashuka kutoka viti zaidi ya 280 hadi 52. Kosa lake halikuwa kwenda polepole. Aliiheshimu Hazina kuliko waliomtuma.

Na wanamapinduzi? Chama cha Kikomunisti kilipoundwa mwaka 1920, Lenin aliwashauri wamuunge mkono Henderson wa Labour kama kamba inavyomshika mtu anayenyongwa. Labour walilisoma hilo, na maombi ya kujiunga yakakataliwa. Hata kilipofikia kilele wakati wa vita, chama hicho hakikuvuka sana wanachama 50,000. Oktoba 1939 kilimuondoa Harry Pollitt kwenye ukatibu mkuu kwa sababu aliunga mkono vita dhidi ya Hitler wakati Moscow ilitaka vinginevyo. Mwaka 1956 vifaru vilipoingia Budapest, maelfu wakakihama. Lakini walipokuwa na nguvu kweli walikuwa wakifanya nini? Maandamano ya wasio na ajira. Migomo ya kodi za nyumba. Mwaka 1971 kwenye mto Clyde, Scotland, Jimmy Reid na wenzake walikataa kufukuzwa viwandani, wakaendelea kuunda meli bila ruhusa mpaka serikali ya Heath ikarudi nyuma. Yote hayo ni madai ya mageuzi, yaliyobebwa na watu ambao hawakuiogopa sheria.

Msimamo wangu ni kwamba Uingereza ilisogea pale tu mambo hayo mawili yalipokutana. Karibuni.

Mchangiaji wa Mwanza

Mkuu, umeichagua Poplar kwa sababu walishinda. Mbona Liverpool umeiruka? Mwaka 1985 halmashauri iliyoongozwa na watu wa Militant, Watrotsky, yaani wanamapinduzi wa Kimarx, waliokuwa ndani ya Labour, iliweka bajeti kinyume cha sheria ili kuilazimisha serikali ya Thatcher itoe fedha. Nyumba walijenga, hilo siwanyimi. Lakini fedha zilipokauka wakatuma barua za kuachishwa kazi kwa watumishi wao wenyewe, nyingine zikipelekwa kwa teksi, na Kinnock, kiongozi wa Labour, akawararua mbele ya mkutano mkuu wa chama Bournemouth. Madiwani 47 walitozwa faini na kuvuliwa udiwani. Ukivunja sheria bila kujua kesho utalipa mishahara na nini, anayeumia ni mfagiaji wa barabara.

Mwanzisha mada

Hoja ya mishahara ni nzito na siikwepi. Zile barua zilikuwa aibu, na ziliwapa maadui zawadi. Ila tazama tofauti. Poplar walipoingia jela majirani walianza kuwafuata. Mwaka 1985 halmashauri nyingi za Labour ziliapa kutopanga bajeti, zikaachia moja moja, mpaka zikabaki Liverpool na Lambeth. Kinnock angeweza kuwasema kwa zile barua na bado akasimama upande wa mji ule. Alichagua la kwanza, la pili akaliacha.

Halafu twende miaka minne mbele. Kodi ya kichwa ilianza Scotland mwaka 1989, England na Wales mwaka 1990. Uongozi wa Labour ulipinga kodi, lakini ukakataa kuwaambia watu wasilipe. Militant walelewale ndio waliosaidia kupanga kamati za mitaa, za kuwazuia madalali wa mahakama mlangoni na kujaza vyumba vya mahakama. Mamilioni hawakulipa. Mbunge Terry Fields wa Liverpool alifungwa siku 60 mwaka 1991. Thatcher aling'oka Novemba 1990, na kodi yenyewe ikafutwa. Fields alifukuzwa kwenye chama.

Mchangiaji wa Dodoma

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba hao wanamageuzi waliishia Dover, kwenye pwani yao. Serikali iliyoleta tiba bure mwaka 1948 ndiyo iliyotangaza hali ya hatari Malaya mwaka huohuo. Ndiyo iliyoleta mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea: matrekta yakavunjika kwenye ardhi ngumu, mvua haikutosha, na hadi unaachwa mwaka 1951 ulikuwa umekula kama pauni milioni 36. Lengo lilikuwa kumpatia Mwingereza mafuta ya kupikia. Dola zilizopatikana kwa kakao, bati na mpira wa makoloni zilibaki London. Ustawi wao tuliuchangia, kura hatukuwa nayo. Kwenye kipimo chako cha sheria na njaa, sisi tumo wapi?

Mwanzisha mada

Dada, hili ndilo nilitamani mtu alilete, maana linanipeleka mbali zaidi ya Poplar. Angalia walioshika wizara. Waziri wa makoloni alikuwa Creech Jones, mtu wa vyama vya wafanyakazi aliyesaidia kuanzisha ofisi ya Fabian ya makoloni mwaka 1940. Waziri wa chakula aliyeubeba mpango wa karanga alikuwa John Strachey, ambaye miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa waandishi wa Kimarx waliosomwa sana Uingereza. Mfabiani na Mmarx wa jana, serikali moja, sera moja. Hapo ugomvi wao wa nadharia haukutusaidia hata chembe.

Waliotusaidia walitoka pande zote mbili. Sylvia Pankhurst aliyakataa mabunge kabisa, akatumia miaka yake ya mwisho kuitetea Ethiopia na kuzikwa Addis Ababa mwaka 1960. Barbara Castle alikuwa mwanamageuzi kamili. Wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, Kenya, mwaka 1959, alikuwa miongoni mwa wabunge walioibana serikali hadi ikashindwa kulificha jambo lile. Nyerere naye aliyatoa mengi kwa Mafabiani alipokuwa Edinburgh, lakini uhuru hakuungoja kwenye kamati zao.

Mchangiaji wa Nairobi

Na Corbyn, aliyekuwa kiongozi wa Labour? Alikuwa na kila kitu unachokisifu: wanachama, maandamano, vyama vya wafanyakazi. Akashindwa.

Mwanzisha mada

Alikuwa na wanachama, hakuwa na wabunge. Alichaguliwa mwaka 2015 kwa karibu asilimia 60, na Juni 2016 wabunge wake 172 wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, 40 tu wakamtetea. Mwaka 2017 akapata asilimia 40 ya kura za nchi. Kwenye mkutano mkuu wa 2018 wanachama wengi walitaka kila mbunge aombe upya ridhaa ya tawi lake kabla ya uchaguzi. Pendekezo hilo liliwekwa pembeni kwa kura za vyama vya wafanyakazi, na Corbyn mwenyewe hakulipigania. Anayesema alishindwa kwa kuwa mwanamapinduzi mno anieleze kwanza kwa nini aliwaachia watu wale viti vyao.