Mavyaa Mkadazan, bavyaa Mhakka: mtoto wetu tumwandikeje, na shamba la bibi yake litamfikia?

Mkwe wa Penampang

Habari za humu, ndugu zangu. Nimeolewa Sabah, Malaysia. Tunaishi Penampang, pembeni mwa Kota Kinabalu, na natarajia mtoto wa kwanza. Mume wangu ni wale wanaoitwa Sino-Kadazan: mama yake Mkadazan wa hapahapa, baba yake Mchina wa Kihakka, watu wa Kudat.

Nyumbani mchanganyiko huu haumsumbui mtu. Mwaka Mpya wa Kichina wajukuu wanamzunguka bavyaa kudai bahasha nyekundu. Ikifika Kaamatan, sikukuu ya mavuno, tarehe 30 na 31 Mei, bavyaa huyohuyo anavaa shati jeusi lenye nakshi za dhahabu na kucheza sumazau, mikono kaitandaza, huku akilalamikia magoti. Mavyaa ni Mkatoliki, bavyaa ni wa kanisa la Basel, la Kiprotestanti, kama Wahakka wengi wa zamani wa huku, kwa hiyo ugomvi wao wa Jumapili ni nani achukue gari.

Shida imeletwa na makaratasi. Cheti cha kuzaliwa cha mume wangu kinasema Mchina. Cha wifi yangu, baba mmoja mama mmoja, kinasema Sino-Kadazan. Sasa mavyaa ana shamba lenye hati ya wenyeji, ile wanayoiita NT, na anataka sehemu yake imwendee mume wangu, kisha mtoto wetu. Mjomba wa mume wangu akasema mezani, mbele ya watu wote, kwamba ardhi ile haiendi kwa mwenye jina la ukoo la Kichina. Mavyaa hakumjibu. Alimwongezea mchuzi tu.

Je, mjomba ana haki? Mtoto naye tumwandikeje? Bavyaa ameshachagua jina la Kichina, mavyaa ananuna. (Damu yangu mimi, ya tatu, haijatajwa kwenye kikao chochote. Hiyo nitaipigania mwenyewe.)

Mzee wa Feri

Mwandikeni Mchina yaishe. Atasoma shule ya msingi ya Kichina kama watoto wengi wa Sabah, hata wale wasio na tone la damu ya Kichina, na atapata kazi. Shamba ni kesi za miaka. Nimeona ndugu wasalimianao kwa wakili tu.

Bi Mkubwa wa Papar

Mzee wa Feri, ushauri wako ni wa mtu asiye na shamba. Mwanangu, usimsikilize.

Mimi nimeolewa huku kabla hujafikiria kuolewa, na watoto wangu ni Sino vilevile. Nianze na mjomba. Sehemu moja yuko sahihi: ardhi ya NT, kwa Sheria ya Ardhi ya Sabah ya 1930, ni ya wenyeji wa asili pekee. Ila hakuna sheria inayosema mwenyeji hutambuliwa kwa jina la ukoo. Hilo kalitoa mfukoni mwake.

Katiba ya Malaysia, ibara ya 161A, kifungu cha 6(b), inasema hivi kuhusu Sabah: mwenyeji ni raia ambaye ni mtoto au mjukuu wa mtu wa kabila la asili la Sabah, na aliyezaliwa Sabah, au baba yake alikuwa na makazi ya kudumu Sabah wakati anazaliwa. Soma tena hapo penye mjukuu. Mumeo ni mtoto wa Mkadazan, wako wa tumboni ni mjukuu. Haisemi lazima damu itoke kwa baba.

Kwa nini basi watu wanahangaika? Kwa sababu kuna sheria ya pili, ya jimbo, ya mwaka 1952, nayo ndiyo inayowakalia watu kooni kwenye mambo ya ardhi. Mchanganyiko anatosha kuwa na mzazi mmoja, au mmoja wa mababu zake, aliye mwenyeji, lakini awe anaishi kama mmoja wa jamii ya wenyeji, na dai lake litambuliwe na Mahkamah Anak Negeri, mahakama ya wenyeji. Zamani mahakama hizo zilitoa vyeti. Vikaanza kupatikana kwa watu wasiostahili, na miaka ya 1980 utoaji ukasimamishwa. Walioumia ni Sino wa kweli, wenye bibi wanaomjua na kaburi lake wanalolipalilia.

Kwa hiyo usingoje mavyaa awe mgonjwa. Kusanyeni sasa hivi cheti chake cha kuzaliwa, cha ndoa, na kumbukumbu za ubatizo kutoka parokiani. Mapadri wa zamani waliandika vizuri kuliko ofisi nyingi. Nendeni kwa mkuu wa kijiji awatambue kwa maandishi, kisha wakili anayejua ardhi ya NT, siyo wa talaka. Na jina lako wewe lisiguse hati hiyo hata kwa bahati mbaya.

Mjomba akizidi kuleta habari za damu, mpelekeni matembezi Petagas, pale kwenye bustani ya kumbukumbu ya mashujaa karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 21 Januari 1944 Wajapani waliua watu 176 mahali pale, baada ya uasi dhidi yao wa Oktoba 1943 ulioongozwa na Albert Kwok. Mle wamo Wachina na wamo wenyeji wa makabila mbalimbali. Halafu akirudi nyumbani autazame tajau, ule mtungi mkubwa wa familia anaojivunia kwamba ulitolewa mahari tangu enzi za mababu. Mitungi ile ililetwa na wafanyabiashara kutoka China.

Kuhusu jina, mpe yote. Wanangu wana la ubatizo, la Kichina na la ukoo, na bibi yao akaongeza la Kikadazan la nyumbani ambalo halipo kwenye karatasi yoyote na ndilo wanaloitikia haraka. Wanamwita yeye Odu, na babu yao Kungkung. Hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

Tena umesahau kuuliza la maana zaidi: nani atakupikia ukijifungua? Hapo ndipo utaona pande mbili zinakubaliana, kisha zinagombana. Wote watakuletea kuku wa lihing, yaani divai ya mchele wa kunata. Kuku wa kienyeji anakatwakatwa, tangawizi nyingi inapondwa na kukaangwa kwa mafuta ya ufuta mpaka nyumba nzima inukie, kuku anaingia, halafu lihing inamiminwa badala ya maji. Shangazi wa Kihakka ataweka uyoga mweusi. Mavyaa atasema uyoga unaharibu. Wewe kula ya wote wawili na usitoe hukumu. Kama unanyonyesha, mwulize mkunga kuhusu hiyo pombe, maana si yote inayoisha motoni, na wao watakuapia kwamba inaisha.

Mzee wa Feri

Nimekubali kwenye katiba. Kwenye mawakili sijakubali.

Mkwe wa Penampang

Bi Mkubwa, shikamoo, na ahsante sana. Nimemsomea mume wangu hapo penye mjukuu, akanyamaza, kisha akaenda kumpigia dada yake. Mavyaa alikuwa na cheti cha ubatizo muda wote, ndani ya kopo la biskuti pamoja na risiti za umeme. Kwa mkuu wa kijiji tunakwenda wiki ijayo. Mjomba anasema atakuja pia, sijui kama shahidi au kama mpinzani.

Moja la mwisho: mavyaa anataka tuanze kutengeneza lihing yetu ili iwe tayari nikijifungua. Hamira ile ya sasad naipata wapi iliyo nzuri?

Bi Mkubwa wa Papar

Marahaba. Nenda tamu ya Donggongon, yaani gulio la huko, Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Nunua kwa mabibi waliokaa chini, siyo wenye meza. Iwe nyeupe na kavu. Yenye madoa ya kijivu iache. Na mjomba mwache aje. Akikaa kimya mbele ya mkuu wa kijiji, muombeni atie sahihi.