Ninaandika wasifu wa marehemu mama yetu: niielezeje imani yake?

Kifungua Mimba (swali)

Ndugu zangu, mama yetu amelala katika Bwana baada ya kuugua kwa muda mrefu, na familia imenikabidhi mimi, mtoto wake wa kwanza, kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa katika ibada ya mazishi. Sehemu za kuzaliwa, ndoa, watoto na ugonjwa nimekwisha kuziandika bila taabu, kwa kuwa mpangilio wake unajulikana. Ninapofika kwenye imani yake na maisha yake kama mke, ninakwama. Kwamba alikuwa mcha Mungu, mnyenyekevu, mwenye upendo na mvumilivu, yote ni kweli, lakini maneno hayo hayo nimeyasikia katika mazishi ya watu wengi, na nikiyasoma simwoni mama ndani yake.

Yako mambo mawili yanayonitatiza zaidi. Baba yetu, ambaye sasa amebaki mgane, hakuwa mtu wa kanisa kwa sehemu kubwa ya ndoa yao, na yeye mwenyewe anasema jambo hilo lisifichwe. Tena mdogo wangu mmoja ameiacha imani, na sitaki wasifu wa mama ugeuke kuwa mahubiri ya kumsuta mbele ya waombolezaji. Ningeshukuru kupata ushauri wa waliowahi kufanya kazi hii.

Mzee wa Kanisa

Pole sana kwa msiba, wewe pamoja na baba na ndugu zako wote.

Kabla ya kuandika mstari mwingine, soma tena shairi la mke mwema katika Mithali 31, kuanzia mstari wa 10 hadi wa 31. Wengi hulisoma mazishini kwa mazoea, bila kutazama limejengwaje. Kwa Kiebrania lina beti 22, kila mmoja ukianza na herufi inayofuata ya alfabeti yao, na karibu lote linazungumzia kazi: sufu na kitani, shamba lililonunuliwa baada ya kufikiriwa, taa isiyozimika usiku, mikono inayomnyoshea maskini. Kumcha Bwana kunatajwa waziwazi mara moja tu, katika mstari wa 30, wakati msomaji amekwisha kuuona uchaji huo katika kila alichokifanya mwanamke yule. Nawe fuata njia hiyo. Usituambie kwamba mama alikuwa mtu wa maombi. Tuambie aliomba saa ngapi, alimtaja nani kwanza, na aliendeleaje siku alizokuwa hana nguvu ya kupiga magoti.

Ushahidi usiutafute kwa watoto peke yao. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakuwa na hotuba. Walikuwa na nguo. Waulize majirani na wenzake wa kanisani walipokea nini mikononi mwa mama yenu, maana mama wa namna hii huwa ametoa mengi ambayo watoto wake hawakuyajua.

Mke wa Mchungaji

Naungana na Mzee kwa yote, ila nataka kusema zaidi kuhusu ndoa, kwa sababu hapo ndipo wasifu nyingi hupoteza ukweli.

Mfano mzuri ninaoujua ni wa Augustino, askofu na mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, aliyeandika habari za mama yake, Monika, katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake. Monika alifariki Ostia mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 56, muda mfupi baada ya mwanawe huyo kubatizwa. Augustino anaeleza bila kificho kwamba baba yake, Patrisio, alikuwa mwepesi wa hasira na hakuwa mwaminifu katika ndoa, na kwamba aliipokea imani karibu na mwisho wa maisha yake. Hata mama mwenyewe hakumfanya malaika: anasimulia kwamba alipokuwa msichana alikuwa na tabia ya kuonja divai kwa siri, mpaka mtumishi wa nyumbani alipomwaibisha naye akaiacha. Heshima ya Monika haikupungua kwa maneno hayo. Inawezekana tusingemfahamu kabisa kama mwanawe angeandika sifa tupu.

Kwa hiyo, kama baba ameruhusu, semeni kwamba mama alikwenda kanisani peke yake kwa miaka mingi. Lakini uvumilivu wake msiusifu kana kwamba kila mke anayeteswa anatakiwa kunyamaza. Waombolezaji wamo wanawake wanaosikiliza kwa makini sana neno hilo.

Mtoto wa Mwisho

Mimi natofautiana kidogo na Mama Mchungaji. Baba akiruhusu, basi aseme mwenyewe, hata kwa sentensi mbili, au ampe mtu amsomee ikiwa machozi yatamzidi. Jambo lile lile likitoka kinywani mwa mtoto laweza kusikika kama mashtaka, hali likitoka kwa mume ni shukrani. Wasifu wenyewe useme tu kwamba mama alitangulia katika imani na baba akafuata baadaye, ikiwa ndivyo ilivyokuwa.

Kuhusu ndugu yako, mwombe achague kumbukumbu moja ya mama, naye aiandike kwa maneno yake. Msimtaje kama ombi la mama ambalo halijajibiwa. Yeye pia amefiwa.

Kifungua Mimba

Asanteni nyote, nimewasomea baba na wadogo zangu majibu yenu. Baba amekubali kusema mwenyewe, na ameomba azungumze kabla wasifu haujasomwa. Mdogo wangu ameandika jinsi mama alivyoendelea kumpigia simu kila Jumapili jioni, baada ya ibada, akimuuliza kama amekula na kama analala vizuri, bila kumuuliza kwa nini hakwenda kanisani. Sikuwa na habari ya simu hizo. Nimefuta aya nzima niliyokuwa nimeandika juu ya upendo wake na kuiweka hiyo mahali pake, kwa maneno ya mdogo wangu kama alivyoyaandika.