Naomba ushauri: udaktari UDOM au Bugando?

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na kachaguliwa kusoma MD, yaani shahada ya udaktari, vyuo viwili: UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na CUHAS Bugando, kile cha Mwanza. Lazima athibitishe kimoja kabla dirisha la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) halijafungwa.

UDOM ni cha serikali, ada yake tunaimudu hata Bodi ya Mikopo ikimpa kiasi kidogo. Bugando ni ghali zaidi, na nyumbani tunategemea mpunga wa mzee na mshahara wangu wa ualimu. Ila kinachonivuta Bugando ni hospitali: wanasomea palepale kwenye rufaa ya Kanda ya Ziwa, wagonjwa wa kila aina. Miaka mitano ni mingi, sitaki afike intanshipu, mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, akiwa amekariri tu.

Mliosoma Dodoma, mkianza wodini mnagawanywaje kati ya Hospitali ya Benjamin Mkapa na hospitali ya mkoa? Kundi moja lina wanafunzi wangapi kwa daktari bingwa mmoja? Na Bugando, ukiacha ada, kuna michango gani mingine?

Mwenyewe anataka Bugando. Mimi naogopa ada itatushinda katikati, azuiwe mitihani.