Nimetubu lakini dhamiri bado inanishtaki, naombeni ushauri

Mtua Mzigo: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna kosa nilifanya kanisani mwaka jana. Nimetubu, nimefunga, nimeombewa, lakini usiku silali. Jumapili hii naingizwa kazini kuwa mzee wa kanisa. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu anatusamehe. Mbona moyo wangu hautulii? Ni shetani, au ni Roho Mtakatifu?

Msomi wa Ngazi: Pole mtumishi. Martin Luther, yule mwanzilishi wa Ulutheri, alipokuwa mtawa Erfurt, Ujerumani, aliungama kwa saa nyingi, akitoka anakumbuka dhambi nyingine, anarudi, hadi mlezi wake Staupitz akachoka naye. Amani aliikuta Warumi 1:17, mwenye haki ataishi kwa imani, si kwenye kujichunguza. Pokea msamaha, basi.

Mkatoliki Safi: Ndiyo maana sisi tuna kitubio. Unamweleza padre, na hata mbele ya mahakama hatoi siri yako.

Mama Wawili: Kosa lenyewe ni lipi? Mnampa dawa hamjajua anaumwa nini.

Mtua Mzigo: Nilikuwa mtunza hazina. Mtoto aliugua, nikachukua Sh 640,000 za ujenzi nikijua nitarudisha. Na nimerudisha zote, kidogo kidogo, kwenye bahasha za sadaka zisizo na jina. Kanisa halijapoteza hata senti.

Fundi Rejeta: Hesabu 5:7 inataka urudishe na kuongeza sehemu ya tano. Bado 128,000 mkuu. Kwa hesabu ya Zakayo ndiyo usiguse, ni mara nne 😂

Binti Kagera: Bibi yangu aliokoka kwenye Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu Buhaya. Walokole waliungama hadharani na kurudisha vya watu. Yeye alirudisha jembe kwa jirani waliyekuwa hawasalimiani. Mpaka anakufa, mkungu wa kwanza shambani ulikuwa wa jirani huyo.

Mama Wawili: Mtua Mzigo, pesa ilipopungua, nani aliulizwa?

Mama Wawili: Naona uko hewani. Nani aliulizwa?

Mtua Mzigo: Mlinzi. Alikuwa na ufunguo wa ofisi. Kamati ilimwachisha kazi, mimi sikumtaja. Mlinzi huyo ni mzee, alishakaribia kustaafu, na nimekuwa nikimtumia hela ya sukari bila yeye kujua inatoka kwa nani. Nikisema sasa, usharika utagawanyika na ujenzi utasimama. Nafikiri nikiwa mzee wa kanisa nitapata nafasi ya kumrudishia heshima yake taratibu.

Msomi wa Ngazi: Nafuta niliyoandika. Luther hakuwa amemfukuzisha mtu kazi. Kwenye Zaburi 32 Daudi anasema mifupa yake ilichakaa aliponyamaza. Huyo anayekunyima usingizi si shetani.

Mkatoliki Safi: Hata padre angekudai urekebishe jina la mzee.

Kijana wa Posta: Jamani, hii chai. Kasha la kanisa lina kufuli mbili na watu wawili. Mlinzi anafukuzwaje? Halafu asiyelala usiku anaandika vizuri hivi?

Fundi Rejeta: Kweli! Na nani anachagua mzee wa kanisa bila kuuliza hesabu za mwaka jana?

Mtua Mzigo: Kasha lina kufuli mbili. Pesa hizo zilikuwa bado kwenye droo, zikisubiri kupelekwa benki Jumatatu. Kama mnaona nimetunga, achaneni na uzi huu.

Kijana wa Posta: Droo imetokea baada ya kubanwa. Naleta vikombe.

Binti Kagera: Acheni. Baba yangu mdogo aliondolewa kwenye stoo ya ushirika kwa wizi ambao si wake. Alihama kanisa, akaacha kabisa kusali. Kama huyu katunga, kuna wengine wanaosoma hapa ambao hawajatunga.

Mama Wawili: Mathayo 5:23-24: acha sadaka yako madhabahuni, enda kwanza upatane na ndugu yako. Mwambie mchungaji asikuingize kazini Jumapili hii.

Mtua Mzigo: Mchungaji amesafiri. Yupo katibu wa kamati tu, ndiye aliyesaini barua ya kumwachisha mzee.

Mama Wawili: Basi usianze na katibu. Anza na mzee mwenyewe, nyumbani kwake, mkeo akiwepo. Kisha mumsubiri mchungaji pamoja na barua hiyo mkononi.

Mtua Mzigo: Mke wangu hajui.

Mama Wawili: Kwa hiyo anza na mkeo, leo.