Lugha ya kufundishia sekondari inawaumiza watoto wetu, na serikali inajua tangu 1982

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Mtoto wa dada yangu alifaulu vizuri la saba, shule ya serikali, sayansi ndiyo somo lake. Sasa yuko kidato cha kwanza na daftari lake la baiolojia limejaa sentensi za Kiingereza alizonakili ubaoni, hawezi kukueleza hata moja. Muulize jambo lile lile kwa Kiswahili, anakujibu mpaka unafurahi. Juzi kachapwa kwa kuongea Kiswahili na mwenzake. Kachapwa Tanzania, kwa Kiswahili!

Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya kuchunguza elimu yetu, ilishauri mwaka 1982 sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo 1985. Serikali ikakataa. Sera ya Elimu ya 2014 ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote, tukashangilia. Toleo la 2023 limeturudisha pale pale: msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Zaidi ya miaka 40 mnajua tatizo na mnalikalia.

Malaysia nao walijaribu. Mwaka 2003 wakahamishia hisabati na sayansi kwenye Kiingereza. Watoto wa vijijini wakaachwa nyuma, watu wakaandamana Kuala Lumpur, na 2009 serikali ikatangaza kurudi kwenye Kimalei. Miaka sita tu, wakaona hasara wakageuka.

Wale wa "vitabu ni gharama" watazame Ethiopia. Tangu sera ya 1994, mtoto wa Oromia anasoma sayansi kwa Kioromo hadi darasa la nane, na wa Tigray kwa Kitigrinya. Sekondari wanaingia kwenye Kiingereza kama sisi, sikatai. Lakini nchi ile imeandika vitabu kwa lugha kadhaa, sisi tunashindwa lugha moja inayojulikana nchi nzima?

Na msiniletee Rwanda. Walipoacha Kifaransa 2008 na kuhamia Kiingereza, walimu waliosomea Kifaransa walitakiwa kufundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa bado wanajifunza. Hilo nalo la kuiga?

Kiingereza kifundishwe kama somo, kwa walimu wanaokijua kweli. Nani amekataa? Wanaopitisha sera hizi wengi wao watoto wao wako inglishi midiamu tangu chekechea, adha hii hawaionji.

Walimu wa sekondari mliomo humu, semeni ukweli: darasani mnafundisha kwa lugha gani mkaguzi akishaondoka?