Naomba ushauri: kibao cha mkrismasi kiandikwe jina gani?

Habari za mchana wadau. Nimepewa kazi ya kuandaa vibao vya majina ya miti katika shule moja hapa Kinondoni, nimekwama kwenye mkrismasi, ule unaowaka mwekundu Dar nzima kila Desemba.

Muuza miche kaniandikia Poinciana regia, vitabu vipya vinasema Delonix regia. Regia ni Kilatini, “ya kifalme”, hapo sina neno. Delonix imetoka Kigiriki: delos, dhahiri, na onyx, ukucha. Nikachambua ua moja, na kweli kila petali ina shina refu jembamba mithili ya ukucha; moja kati ya zile tano ina weupe wenye madoadoa. Poinciana ni kwa heshima ya de Poincy, gavana Mfaransa wa visiwa vya Karibi, ilhali mti wenyewe asili yake Madagaska! Haya mambo ya wakubwa.

Wajuzi wa mimea na Kilatini: jina la zamani nalo liwekwe kwenye kibao, au niliache? Pili, kwa nini iwe regia na si regius, wakati ua la jirani yake ni Catharanthus roseus? Mwalimu mkuu lazima ataniuliza, na fundi wa vibao ananisubiri.