Injini za ndege zikizimika angani

Kikundi: Majirani wa Gungu, Kigoma

Mama Neema: Shikamoo Mzee Rajabu. Mama mkwe wangu anasafiri keshokutwa kwa ndege kwenda Dar es Salaam, lakini hapati usingizi kwa kuwa ameambiwa kwamba injini zikizimika ndege huanguka papo hapo. Je, ni kweli?

Mzee Rajabu: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na ninaomba umsomee. Kinachoibeba ndege ni mabawa. Injini kazi yake ni kuisukuma mbele ili hewa ipite kwenye mabawa kwa kasi. Injini zikinyamaza, rubani huinamisha pua kidogo, na uzito wa ndege yenyewe huivuta mbele mtelemkoni, kama baiskeli inayoshuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni bila kukanyagwa. Ndege kubwa ya abiria iliyo mita 10,000 juu yaweza kwenda kilomita 150 hivi, umbali unaozidi ule wa hapa hadi Uvinza.

Mama Neema: Anauliza, kwa nini rubani asiinue pua ili abaki juu?

Mzee Rajabu: Ameuliza jambo lenyewe hasa. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, kasi hupungua, hewa huachana na mgongo wa bawa, na hapo ndipo ndege huporomoka kweli. Kwa hiyo marubani hufunzwa kushika kasi maalumu inayowafikisha mbali zaidi kwa kila mita ya kimo wanayoipoteza, huku wakichagua mapema mahali pa kutua na kujaribu kuwasha injini upya. Agosti 24, 2001, ndege ya Air Transat aina ya Airbus A330 iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwa sababu ya mvujo. Ilishuka bila injini kwa dakika 19 hivi, ikatua Lajes katika visiwa vya Azores, na watu wote 306 walipona.

Bi Zuhura: Bila injini, umeme wa kuiongoza ulitoka wapi?

Mzee Rajabu: Ndege kama ile hushusha pangaboi dogo linalozungushwa na upepo wa mwendo wake, nalo huendesha mitambo ya lazima.

Mama Neema: Hii ya kwetu ina mapangaboi makubwa mabawani. Je, hayatakuwa kizuizi yakisimama?

Mzee Rajabu: Yangekuwa kizuizi kama yangeachwa yalivyo, mwanangu, ndiyo maana injini ikizimika makali ya pangaboi lake hugeuzwa kuelekea upepo, hewa ikapita bila kuivuta ndege nyuma.